Weupe wa Theluji: Namna ya Kupiga Picha za Nyeusi na Nyeupe katika Majira ya Baridi

Fundi aliyenifundisha kusafisha na kuchapisha picha, katika chumba cha giza cha studio moja ya Mombasa ambayo sasa haipo, aliendesha maisha yake kwa picha za harusi, na kanuni yake ya kwanza ilihusu kanzu. "Mwanangu," aliniambia siku niliyomletea karatasi yangu ya kwanza ikiwa bado inachuruzika maji, "kanzu ikitoka ya kijivu umemvisha bwana harusi nguo isiyo yake, na ikitoka nyeupe tupu, darizi ya shingoni haionekani, basi umemvua." Nilidhani ananifundisha kazi ya harusi tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama ukingoni mwa ziwa Kussharo, mashariki mwa kisiwa cha Hokkaido nchini Japani, katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, nilitambua kwamba maneno yale ndiyo msingi wa kupiga picha za theluji, na kwamba kila uamuzi mwingine, kuanzia saa ya kuamka hadi aina ya karatasi ya kuchapia, unatumikia jambo hilo moja: theluji itoke nyeupe, na darizi yake ionekane.

Mifano yangu mingi inatoka Hokkaido kwa kuwa ndiko ninakorudi mara kwa mara, lakini msomaji anayeishi Minnesota, Toronto au Oslo, ambaye theluji iko mlangoni pake, anaweza kuzifuata hatua hizi hizi bila kupanda ndege. Naipenda kazi hii kuliko kazi nyingine yoyote ya safari zangu. Theluji inapofunika mashamba, rangi karibu zote hujiondokea zenyewe, na kinachosalia ni mstari wa miti mgongoni mwa kilima, nguzo za uzio zinazotokeza nusu, na mto ambao haujaganda ukipita katikati kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Ukiacha rangi chache zilizobaki, kwa mfano bati jekundu la zizi la ng'ombe, jicho la mtazamaji hukimbilia huko na kusahau umbo la ardhi. Ukiziondoa, jicho hupita polepole juu ya weupe wote.

Kupima mwanga

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukiyachanganya yote pamoja, yana wastani wa kijivu cha kati, yaani kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mtaani au sokoni dhana hiyo haipotoki sana. Mbele ya uwanda wa theluji inapotoka kabisa: kamera inaona weupe mwingi, inaamini kuwa mwanga umezidi, inaupunguza, na theluji inatoka kama jivu la mkaa. Msomaji wa pwani amekwisha kuliona jambo hili hata kama hajawahi kuiona theluji, kwa sababu ndilo linaloufanya ukuta wa chokaa wa Lamu, uliopigwa picha adhuhuri, uonekane kama umepakwa saruji.

Dawa yake ni kuiongezea kamera mwanga kwa makusudi, kwa kitufe cha fidia ya mwanga ambacho kwa kawaida kina alama za kujumlisha na kutoa. Stopu moja maana yake ni mwanga kuongezwa maradufu. Theluji ikijaza sehemu kubwa ya picha, anza na stopu moja na theluthi juu ya kile kamera inachopendekeza, kisha tazama histogramu, yaani mchoro unaoonyesha weusi kushoto na weupe kulia. Unataka kilima cha theluji kisogee karibu na ukuta wa kulia bila kuugusa. Kikiwa katikati, theluji yako ni kijivu. Kikiwa kimebanana na ukuta, darizi imepotea na hakuna programu itakayoirudisha, kwa sababu kamera haikuandika chochote pale. Washa pia lile onyo linalofanya sehemu zilizozidi mwanga zimetemete kwenye skrini. Onyo likitokea juu ya diski ya jua au juu ya taa, liache. Likitokea juu ya theluji, punguza theluthi moja ya stopu na upige tena.

Anayependa kupima kwa uhakika zaidi atumie mbinu ambayo wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer waliipanga huko Los Angeles mnamo 1939 na 1940, wakiigawa picha katika ngazi kuanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, hadi 10, ambayo ni weupe wa karatasi, huku kijivu cha kati kikikaa ngazi ya 5. Elekeza kipimo cha doa, yaani kile kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye theluji iliyopigwa na jua na yenye mikunjo unayotaka ionekane, kisha ongeza stopu mbili. Theluji itapanda kutoka ngazi ya 5 hadi ya 7, na ngazi ya 7 ndiyo mahali ambapo jambo linaonekana jeupe bila shaka yoyote na bado lina sura. Kivuli kilicho juu ya theluji hiyo hiyo kitashuka hadi ya 5 au ya 4 chenyewe, na hapo utakuwa umepata picha iliyojaa.

Weka kamera katika hali ya nyeusi na nyeupe lakini uhifadhi faili ghafi (RAW), yaani ile ambayo kamera haijaichakata. Skrini itakuonyesha picha isiyo na rangi, jambo linalokusaidia sana kuona kama fremu yako inasimama kwa umbo na mwanga peke yake, ilhali faili yenyewe inazishika rangi zote kwa ajili ya kazi ya baadaye, ambayo nitaieleza.

Kabla ya safari, fanya mazoezi nyumbani. Tundika kanzu nyeupe kivulini karibu na dirisha na uipige picha mara saba, kuanzia bila fidia hadi stopu mbili, ukipanda theluthi moja kila mara, kisha uchague ile ambayo kanzu ni nyeupe na darizi inahesabika uzi kwa uzi. Anayeweza kufika kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, atapata malundo meupe chini ya jua kali, ambayo kwa kipima mwanga hayana tofauti na theluji. Nimewapeleka wanafunzi wangu huko, na waliorudi na chumvi nyeupe hawakupata taabu walipofika kwenye theluji.

Kuchagua hewa na saa

Siku ya mawingu na theluji nyepesi inayoanguka ndiyo ninayoitafuta zaidi. Mbingu na ardhi huwa kitu kimoja, mpaka wa upeo unafutika, na mti mmoja uliosimama shambani unaonekana kama umetundikwa hewani. Katika hali hii darizi haitoki kwenye uso wa theluji, maana hakuna vivuli. Inatoka kwenye vitu vichache vyeusi na kwenye tofauti ndogo kati ya mti wa karibu na mti wa mbali, ambao pazia la theluji linaufanya upauke. Uwanda wa Konsen, karibu na mji wa Nakashibetsu, una mistari mirefu ya misitu iliyoachwa na kupandwa ili kuzuia upepo, kila mstari ukiwa na upana wa mita 180 hivi, na siku kama hiyo mistari hiyo hupangana mmoja nyuma ya mwingine, wa kwanza mweusi, wa pili kijivu, wa tatu kama alama ya penseli iliyofutwa.

Kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye kamera, inaamua sura ya theluji inayoanguka. Kwa 1/250 ya sekunde na zaidi, kila chembe inasimama kama nukta. Kwa 1/30 inakuwa mstari unaofuata upepo, na hii ndiyo ninayoipenda, kwani inaonyesha theluji inakoelekea. Ukiacha shata wazi kwa sekunde kadhaa, chembe zinatoweka na kubaki ukungu laini tu. Kabla ya hapo, zima utafutaji fokasi wa kamera, kwa kuwa kamera hushika chembe zinazopita karibu na lenzi badala ya mti ulio mbali. Elekeza fokasi kwa mkono kwenye shina jeusi, upige picha ya kujaribia, uikuze kwenye skrini na uhakikishe gome linasomeka.

Siku ya jua ina kanuni nyingine. Katika latitudo ya Hokkaido, karibu nyuzi 43 kaskazini, jua la adhuhuri mwezi Desemba halizidi sana nyuzi 24 kutoka upeo, kwa hiyo mwanga wa ubavuni, ule ambao kwetu tunaupata muda mfupi tu baada ya macheo, huko unadumu mchana kutwa. Ubavu huo ndio unaochora mawimbi madogo ambayo upepo umeyaacha juu ya theluji. Simama jua likiwa upande wako wa kushoto au wa kulia, au likielekea kukukabili kidogo, kamwe lisiwe mgongoni pako, kwa sababu jua la mgongoni linaficha vivuli nyuma ya mikunjo yenyewe na kuacha theluji ikiwa shuka lililopigwa pasi. Kumbuka pia kwamba siku ni fupi kuliko mazoea yetu: mashariki mwa kisiwa, mwezi Desemba, saa kumi alasiri jua limekwisha kuzama, na anayepanga kupiga picha "jioni" atafika gizani.

Asubuhi za baridi kali zisizo na upepo, nenda penye maji yasiyoganda. Kijijini Tsurui, mto Setsuri haugandi, na mvuke wake hupanda usiku kucha na kugandia kwenye matawi, hadi kunapokucha kila kijiti kimevaa sakitu nene kama pamba. Sakitu hiyo hudondoka jua likishapanda, wakati mwingine ndani ya saa moja, kwa hiyo uwe umekwisha kusimamisha tripodi kungali giza. Kwenye ziwa Kussharo, ufukwe wa Sunayu unapashwa moto na maji ya chemchemi za volkeno, na bata-maji wakubwa weupe wanaotoka Siberia hukusanyika hapo wakati sehemu iliyobaki ya ziwa imeganda.

Rangi ndani ya picha isiyo na rangi

Picha ya nyeusi na nyeupe inaamuliwa na rangi ambazo mtazamaji hataziona. Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 10 Aprili 1927, wakati Adams, akiwa na umri wa miaka 25, alipopanda kwa miguu juu ya bonde la Yosemite, Marekani, akiwa na kamera nzito ya sahani za kioo, ili kuupiga picha mwamba wa Half Dome kukiwa bado na theluji. Zilimbakia sahani mbili. Ya kwanza aliipiga kwa filta ya njano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kisha akatambua kwamba anga lingetoka jepesi mno kuliko alivyolihisi. Sahani ya mwisho akaipiga kwa filta nyekundu iliyokolea, ambayo ilizuia buluu ya anga, na anga likatoka karibu jeusi, mwamba na theluji vikang'aa mbele yake.

Leo kazi hiyo inafanyika baadaye kwenye kompyuta, kwa vidhibiti vinavyopandisha au kushusha kila rangi kabla haijageuzwa kuwa kijivu. Jambo la kushika ni kwamba kivuli juu ya theluji, siku ya jua, kina buluu, kwa kuwa kinaangazwa na anga peke yake. Ukishusha buluu, vivuli vinakolea na mikunjo ya theluji inajitokeza. Ukiipandisha, vivuli vinalainika na uwanda unatulia. Shusha kidogo kidogo. Ukizidisha, anga litajaa chembechembe chafu, na pale ambapo matawi yanakutana na anga patatokea ukingo mweupe usiokuwapo, ambao kwenye karatasi unaonekana zaidi kuliko kwenye skrini.

Korongo wa Tsurui walinifundisha jambo hili kwa undani. Ndege hawa, ambao huko Japani walidhaniwa wametoweka hadi kundi dogo lilipoonekana katika kinamasi cha Kushiro mnamo 1924, wana mwili mweupe, shingo nyeusi, na utosi mwekundu. Mwili wao tayari ni picha ya nyeusi na nyeupe. Utosi ndio unaotaka uamuzi. Nilipopandisha nyekundu, kama anavyofanya mtu anayetaka anga jeusi, utosi ulipauka na kuyeyuka ndani ya theluji iliyo nyuma yake, na ndege akaonekana amekatwa kichwa. Nilipoishusha hadi mwisho, utosi uliungana na paji jeusi la uso. Nikaiacha mahali ambapo utosi ni kijivu cha kati, mweusi kuliko theluji na mwepesi kuliko shingo, na hapo ndipo jicho la korongo lilipopata kuonekana. Ilinichukua jioni nzima, na sikuijutia hata dakika moja.

Kupanga fremu na kuiheshimu ardhi

Hesabu vitu vyeusi vilivyomo ndani ya fremu yako. Vikizidi vitatu au vinne, sogea au badilisha lenzi mpaka vipungue, kwani weupe unahitaji nafasi ya kukaa. Kipande cha theluji tupu, hata kikichukua theluthi mbili za picha, si nafasi iliyopotea, mradi kina darizi yake. Anayetaka kulainisha maji yenye vipande vya barafu aweke filta nyeusi ya stopu 10, ambayo inageuza shata ya 1/30 kuwa takriban sekunde 34, na maji yatakuwa kama hariri kuzunguka mawe.

Usikanyage unachotaka kukipiga picha. Asubuhi yangu ya kwanza Hokkaido niliuona mti pekee uwandani, nikatembea moja kwa moja kuuelekea, nikarudi nyuma kutafuta fremu pana zaidi, na nyayo zangu zilikuwa zimeukata uwanda vipande viwili. Hazikufutika siku tatu, na niliondoka bila picha ile. Tangu hapo nasimama barabarani kwanza, naamua picha zote ninazozitaka kuanzia iliyo mbali hadi iliyo karibu, nazipiga kwa utaratibu huo, na nikilazimika kusogea nazunguka kwa nje ya fremu.

Kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko picha. Vilima vya Biei, huko huko Hokkaido, vinavyopendwa sana na wapiga picha, ni mashamba ya watu. Chini ya theluji mna ngano iliyopandwa kabla ya majira ya baridi, na viatu vya wageni vinaweza kuishindilia theluji juu ya miche na kuingiza vijidudu vya magonjwa ya mimea. Mpopla mmoja wa huko ulioinama, maarufu kwa jina la Mti wa Mwanafalsafa, ulikatwa Februari 2016 na mwenye shamba, baada ya mti kuzeeka na baada ya miaka ya wageni kupuuza ombi lake la kutoingia shambani. Piga kutoka barabarani kwa lenzi ndefu. Lenzi ya milimita 200 itakusogeza bila kumgharimu mkulima chochote, na korongo nao watazame kwa umbali huo huo.

Kamera katika baridi

Betri hupungukiwa na nguvu upesi katika baridi, kwa hiyo beba tatu, mbili zikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili, na uzibadilishane; ile iliyoonekana kuisha ikipashwa joto mfukoni mara nyingi huamka tena. Usipumue kwenye tundu la kuchungulia, maana pumzi huganda pale pale. Miguu ya tripodi ifunge kwa sponji au kitambaa, kwa sababu chuma cha baridi kama hiyo kinauma vidole hata ndani ya glavu.

Hatari kubwa ni kurudi ndani. Anayetoka katika chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam na kamera yake ameona lenzi inavyofanya ukungu papo hapo. Hapa ni vivyo hivyo, ila nguvu yake ni kubwa zaidi na unyevu unaingia hadi ndani ya kamera. Kabla ya kufungua mlango, ungali nje, toa kadi ya picha, tia kamera katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge mfuko, kisha uuache karibu na mlango kwa saa mbili au zaidi. Unyevu utatanda juu ya plastiki badala ya kioo.

Kuchapisha

Picha ya theluji haijakamilika mpaka ikae kwenye karatasi, na mimi nachagua karatasi ya pamba isiyong'aa, kwa sababu mng'ao wa karatasi hushindana na mng'ao wa theluji. Katika hesabu za kompyuta, ambapo 0 ni weusi na 255 ni karatasi tupu, theluji nyeupe kuliko zote iache karibu na 245. Ikifika 255, mashine ya kuchapisha haitaweka wino wowote pale, na ukingo wa picha utachanganyika na pambizo.

Karatasi ikitoka, iache ikauke hadi kesho yake, kisha uipeleke kwenye mwanga wa dirisha usio wa jua la moja kwa moja, na uweke karatasi nyingine tupu ya aina ile ile pembeni yake. Itazame theluji, uitazame ile tupu, urudi kwenye theluji. Kama theluji inaonekana chafu mbele ya karatasi tupu, rudi kwenye faili uipandishe kidogo. Kama huoni picha inaishia wapi, ishushe. Mimi huchapisha nne au tano kabla ya kupata moja, na ile moja huishika karibu na uso, nikitafuta mawimbi ya upepo juu ya uwanda, kama fundi wangu alivyokuwa akiitafuta darizi kwa kidole kwenye shingo ya kanzu.